Maji Magumu

Luton, saa kumi na mbili kasorobo,
dirisha la bafu limetoa jasho.
Nachukua chanuo lenye meno yaliyoachana,
naanza nchani kama nilivyoelekezwa,
napanda taratibu, kidole kwa kidole,
hadi pale.
Pale ndipo panapokatika.

Si mzizini. Zingetoka na kile kichwa chao cheupe
ningesema zimezeeka, zimekwenda zake.
Hizi zinakatika katikati,
vipande vifupi kama mikato
iliyomwagika kwenye sinki
kutoka barua ambayo sijamaliza kuiandika.

Miezi kumi na minne sijatia dawa.
Juu, vidole vinne vya nywele nilizozaliwa nazo,
zimejikunja, zimejikunyata, zinanong'onezana;
chini, zile zilizonyooshwa tangu harusi ya Sifael,
bapa kama nyasi zilizolaliwa.
Na kati yake mkunjo mmoja mwembamba
unaobeba mzigo wa pande zote mbili.
Chanuo likifika hapo: tak.

Nimelaumu kila kitu.
Nimelaumu maji ya hapa, maji magumu,
yanayoacha chokaa ndani ya birika
kama mwashi aliyepita usiku akapiga lipu.
Nimelaumu kofia ya sufu, kola ya koti la kazini,
hita, foronya ya pamba, Januari.
Nimekoroga siki kwenye jagi, nimesuuza,
nimenuka achari basi zima.
Nimevunja mayai mawili utosini
na Atuganile, miaka saba, akauliza
kama leo tunajipika.

Dawa yenyewe nilichelewa kuilaumu.
Kopo lilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka.
Iliniunguza panja nikajipepea kwa gazeti,
na wote mle saluni tukaambiana:
vumilia, ikiwasha ndiyo inashika.

Saa mbili niko kazini, chumba namba tisa.
Bi Maureen ameelekea dirishani,
nywele zake chache, nyeupe,
nyepesi kama pumzi kwenye kioo.
Namchana.
Mkono wa kushoto unashika shina
ili mvuto usifike ngozini;
wa kulia unapita kama unaogopa kumwamsha mtoto.
Nikikuta fundo nasimama,
nalifungua kwa vidole.
Dakika ishirini, na zamu yangu ina watu wanane.
Kisha nakumbuka bafuni, asubuhi ileile,
nilivyokuwa navuta kama anayedai deni.

Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Hawasemi kwamba anaweza pia kujichuna.

Jumapili Sifael kaja na mkasi ndani ya kitambaa.
"Kata zote, uanze upya. Mbona mimi nilikata?"
Ana kichwa kizuri, Sifael, kama kibuyu kilichochaguliwa;
mimi nina kovu kisogoni na masikio ya baba.
"Vidole viwili," namwambia.
"Utakuwa unakata hadi Pasaka ya mwakani."
"Basi tutakata hadi Pasaka."
Ananiketisha jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
taulo shingoni, redio ya jirani ukutani.
Zinaanguka bila sauti.
Nilidhani nitalia. Nawaza nani atafagia.

Halafu anasuka twende kilioni,
na kila mstari namkumbusha: usikaze, usikaze.
"Nikilegeza hivi kesho zitafumuka."
Na zifumuke.

Umebaki mmoja mbele ya sikio,
mfupi, haujafika kusukwa.
Atuganile anauvuta, unanyooka hadi katikati ya shavu.
Anauachia.
Anauvuta tena, anauachia.
"Mama," anasema, "huu unarudi,"
na nyuma yetu birika linaanza kuchemka,
na chokaa yake.